Goli nililomfunga Bakari wakati wa adhana

Mpaka sasa akili yangu inakataa. Bakari wa Vanga, mwenzetu wa ligi ya mpira wa simu, amefariki. Homa ya siku tatu tu. Tumemzika juzi.

Wengi mnaonifuata hapa mnanijua kwa picha za Diani na malalamiko ya shift za hotelini. Hamkujua kwamba kila nikitoka kazini nilikuwa nakaa barazani kwetu Mwabungo, earphone masikioni, nacheza na mtu nisiyewahi kumwona.

Nilimjua kwa sauti. Nyuma yake kuku, redio, na mama yake akikuna nazi. Kuna jioni nilikuwa nafumba macho katikati ya mechi niisikilize nyumba yao tu, naye ananifunga.

Vanga iko mpakani, na simu yake ilikuwa ikidaka mnara wa Tanzania bila kumwomba ruhusa. Mchezo unaganda. Kisha anarudi akicheka, "Samahani ndugu yangu, nilitoka nchini kidogo."

Kwenye group tulibishana juu ya kila kitu. Eti kupiga krosi mechi nzima ni mpira au ni uoga? Bakari alikuwa anaanza kwa salaam aleikum, anawaulizia watu wa nyumbani kwako mmoja mmoja, ndipo anakuchamba kwa adabu zote: "Timu yako, mheshimiwa, inacheza kama imetoka kula pilau ya harusi."

Sheria ya adhana ilikuwa yake. Mechi ya online haisimami, saa inakwenda tu. Basi atakayesikia adhana anasema "Adhana", na wote wawili tunaweka simu chini mpaka muadhini amalize. Atakayegusa mpira kabla ya hapo amepoteza mechi. Hata Kevo, admin wetu, mtu wa bara na wa kanisa anayeuza kava za simu Kona ya Musa, aliifuata bila kulazimishwa.

Wallahi nilizipenda dakika zile kuliko mechi yenyewe. Simu imelala mapajani, mvua ya mchezo inanyesha kwenye uwanja ambao hakuna anayecheza, na adhana ya Vanga inanijia masikioni kama inatoka ndani ya maji. Kisha ya kwetu inaanza, zinaingiliana, sijui tena niko wapi.

Halafu ikaja fainali. Tumefungana goli moja kwa moja, zimebaki dakika chache. Bakari akasema, "Adhana," nikasikia simu yake ikiwekwa juu ya meza.

Muadhini wetu wa Mwabungo alikuwa hajaanza. Huwa anachelewa kidogo. Mchezaji wa Bakari amesimama na mpira miguuni, kipa wake anatazama tu. Nikajiambia kwetu bado. Nikamnyang'anya mpira, nikaenda nao taratibu mpaka golini. Mbili moja. Bingwa mimi.

Group iliwaka moto. Mimi nikasema sheria haikutaja adhana ya nani, kila mtu na msikiti wake. Kevo akaandika, "Manze, hata mimi si Muislamu na naona aibu. Hiyo goal si yako." Nikashupaa. Nikaweka picha ya kombe kwenye profile, mtu mzima mimi!

Bakari hakugomba. Aliniambia mara moja tu, "Salim, adhana ni moja, misikiti ndiyo mingi. Goli hilo nataka ulifute wewe mwenyewe, kwa moyo wako. Njoo Vanga, mama akupikie, tulimalize." Nikamjibu nitakuja off yangu ijayo. Off zikapita, nikalala, nikafua, nikaenda ufukweni na wenzangu. Na moyoni nilikuwa najua ni goli la wizi. Nililijua tangu mpira haujavuka mstari.

Juzi ndiyo nikaenda Vanga. Nililibeba jeneza la mtu ambaye sikuwahi kumpa mkono.

Makaburini ami yake alisimama, akasema, "Jamani, kijana wetu alikuwa mwanadamu. Kama yuko aliyekosewa naye, kwa hisani yenu mumsamehe." Watu wakaitikia, "Tumemsamehe." Alikuwa na kosa gani kwangu? Mwenye kosa nilikuwa mimi, na hakuna anayesimama makaburini kuuliza nani amemkosea marehemu.

Kabla sijaondoka nilikwenda mlangoni kumpa mama pole.

"Shikamoo mama. Mimi ni Salim wa Mwabungo. Wa kwenye simu."

"Marahaba mwanangu. Kumbe ndiwe wewe uliyekuwa ukimchelewesha kula!" Akatabasamu, machozi yakimtoka.

Nikamweleza yote, nikibabaika. Hajui mpira wa simu ni nini, lakini alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na hilo goli bado unalo?"

"Ninalo, mama."

"Basi mrudishie mwenyewe."

Nimerudi nikaandika kwenye group kwamba niligusa mpira wakati wa adhana, nikijua. Kevo amebadilisha jedwali. Bingwa ni Bakari. Hakuna aliyebisha, na kwenye group letu hilo halijawahi kutokea.

Jana jioni nilifungua mchezo nikalibonyeza jina lako, Bakari. Mchezo ukaniandikia kwamba mpinzani hayuko hewani, nisubiri. Nikasubiri. Adhana ya kwetu ikaanza, nikaweka simu chini, na kwa mara ya kwanza niliisikia peke yake.

Nisamehe, ndugu yangu. Nimelirudisha, ila nimelirudisha wakati huwezi tena kuniambia yamekwisha. Mola akulaze pema, ulale usingizi mwanana.