Mwanangu Ananiita Dada, na Mkuu wa Chuo Anataka Nimtambulishe Jukwaani

Admin, nifichie jina, na chuo usikitaje, maana wakimbiaji wa kike kutoka huku kwetu tuko wachache na nitajulikana mara moja.

Nina miaka ishirini na tatu, mzaliwa wa Golbanti, Tana Delta. Niko mwaka wa mwisho chuo kikuu, kampasi ya katikati ya mji. Nina mtoto mmoja wa kike wa miaka minne, tumwite Rehema. Ananiita dada.

Kwetu hilo si jambo la ajabu. Binti akizalia nyumbani, mtoto wa kwanza huwa wa bibi yake. Humwita bibi mama, na aliyemzaa huwa dada. Majirani wote wanajua na hakuna anayeita huo uongo. Mama yangu mwenyewe alilelewa hivyo.

Mkuu wa chuo chetu tunamwita Mzee. Alinipata kwenye mashindano Garsen, Rehema akiwa na miezi saba. Nilikimbia na viatu vya kuazima, nimejibana kifua kwa leso chini ya fulana ili maziwa yasionekane. Nilishinda. Mzee hakutuma mtu, alikuja mwenyewe mpaka nyumbani, akala wali na samaki kwa mkono, akamwambia mama nafasi ipo: karo, malazi, chakula, kila kitu. Sharti lilikuwa moja tu, mwenye mtoto mdogo haingii kambi ya wanariadha. Sikuona ubaya wake. Alitueleza kwamba kuna msichana aliwahi kumficha mtoto wake hostelini, mtoto akashikwa na kichomi, nusura afe.

Rehema alikuwa analia mgongoni mwa mama. Mzee akamchezea kidole, akauliza, "Na huyu mdogo ni wa nani?"

Mama akajibu, "Ni wangu, mwalimu."

Kwa desturi yetu hakudanganya. Mimi niliangalia chini. Kosa langu ni hapo, na nimelibeba mpaka leo.

Ndugu zangu, huyo mtu hamumjui. Kampasi yetu ilikuwa majengo tu yaliyobanwa na maduka, na nyuma jalala la mji. Mzee ndiye aliyeondoa jalala, akaweka uwanja wa mbio. Siku ya mashindano mama wa viazi karai na vijana wa boda wanauza mpaka wanaishiwa, na askari wa getini hunipigia saluti kwa utani, ati nahodha amefika. Alfajiri Mzee yuko uwanjani na saa yake ya kupimia, kabla ya kocha. Mtu akisema "Mzee amesema", mjadala umekwisha, iwe ni kwa meneja wa jikoni au kwa wahadhiri. Mimi ameninunulia miwani, amenitafutia daktari wa goti, huniita mwanangu. Sijawahi kuwa na baba wa kuniita hivyo.

Lakini uongo hausamehe. Mwaka jana mrushaji mkuki wetu aligunduliwa alidanganya umri. Kocha alimwombea mpaka akatokwa na machozi. Mzee alimsindikiza kijana yule hadi stendi mwenyewe, akamlipia nauli, akarudi. Uamuzi wake haukubadilika.

Sasa nikimaliza masomo ameniahidi kazi ya kocha msaidizi. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nikiingoja ili nipange chumba, nimchukue mwanangu. Nimechoka jamani. Mazoezi, darasa, mazoezi, halafu nikipata siku mbili nakimbilia nyumbani nimuogeshe, nimsuke, nirudi. Kila nikiondoka hunipungia mkono kama mgeni.

Mwezi ujao ni sherehe ya michezo. Mzee ameniambia, "Lete mama na yule mdogo wako. Utapewa kipaza sauti, watambulishe wewe mwenyewe. Nataka mji uone nyumba uliyotoka."

Nilikwenda nyumbani kumwambia mama. Nilitaka aseme tutafute udhuru, lakini yeye ameshashona nguo. Nilipomwambia siwezi kusimama pale na kusema huyu ni mdogo wangu, alinitazama kwa upole, akasema, "Akikuita dada amepungukiwa nini? Mimi ndiye niliyekesha naye." Na ni kweli. Nikisema Rehema ni wangu, namnyang'anya mama mtoto mbele ya watu. Tena namfanya mwongo mbele ya mtu aliyekula chakula chake.

Neno moja tu nimelikataa, na nimemwambia mama. Kunyamaza nimenyamaza miaka minne. Kumkana kwa mdomo wangu, sitamkana. Lakini sijui nitasema nini badala yake.

Asubuhi ya kuondoka Rehema alikuwa anakunywa uji jikoni. Kumbe kuna mtoto mwenzake amemwambia kitu walipokuwa wakifukuza ndege kwenye mpunga. Akaniuliza, "Dada, ni kweli ni wewe ulinizaa?"

Mama aliacha kupuliza moto. Nikamwambia Rehema amalize uji wake kwanza.

Alimaliza wote. Akanigeuzia kikombe nione ni kitupu, akakaa akinitazama. Nilichukua begi nikaenda.

Nikimwambia ukweli, mtoto wa miaka minne hawezi kuuficha, Mzee atausikia na kila kitu kitaanguka, hata chumba nilichotaka kumpangia. Nisipomwambia, atausikia mji mzima ukimpigia makofi kama mdogo wangu. Nyinyi mliolea, na nyinyi mliolelewa na bibi, niambieni bila kunitukana: nianze na nani, Mzee, mama, au yule anayenisubiri na kikombe?