Mlima wa Udongo Ghalani

Enzi zile dizeli ilikuwa ya kibali, na lori la ushirika wa kijiji chetu, huku juu mlimani Suji, lilishinda wiki nzima limeegeshwa. Dereva wetu mzee alikuwa anastaafu, akaagizwa afundishe mtu wa kumrithi. Tulikuwa wawili kwenye kazi ya utingo: mimi, mzaliwa wa huku, na mwenzangu, mtu wa Tabora aliyepanda milimani kutoka mashamba ya mkonge. Kiti kilikuwa kimoja, na mimi nilikihesabu kuwa changu.

Mzee hakutupandisha kwenye lori. Alifinyanga mlima mzima kwa udongo juu ya meza ya ghalani, akachonga barabara na kona zake hadi mji wa Same huko chini, kisha akatukabidhi ganda la kiberiti. Hilo ndilo gari, alisema. Nikajua hapa pana namna. Kibali kilitoka kila mwezi, mapipa ya dizeli niliyapakua mwenyewe, na gari halisogei. Tena chumba cha mapipa kilikuwa na kufuli jipya, ufunguo mfukoni mwake. Kwangu udongo ule ulikuwa changa la macho, ili tusiulize dizeli inakokwenda.

Nikiwa nimesimama, mlima haukunisumbua. Siku ya pili nilishazijua kona zote, nikitazama kwa juu kama mtu anayechagua mchele. Lakini mzee alitaka tupige magoti, shavu liguse meza, jicho likae nyuma ya kiberiti. Mwenzangu akapiga. Alipofika kona ya tatu alijirudisha nyuma ghafla, jasho linamtoka, nami nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Mimi nilikataa. Kwetu tulipiga magoti kwa sala tu, na kuupigia magoti udongo wa kufinyangwa kulinipa wasiwasi kwamba mzee ana mambo yake. Nikamwambia kwa heshima kwamba njia naiona vizuri nikiwa wima.

"Barabara unaiona, mwanangu," akasema. "Lakini wewe hujaingia humo."

Nikaamini anampendelea mgeni. Nikaenda kwa mwenyekiti wa ushirika, nikamweleza habari ya kufuli. Alikuja siku hiyohiyo. Mzee alifungua mlango: mapipa yote yamejaa. Alikuwa ameyalimbikiza ili kila mmoja wetu ateremke hadi Same na kurudi. Niliona aibu, ila kiti bado nilikitaka.

Wiki iliyofuata tukateremka, mimi kwanza kwenye usukani. Kona mbili nilizipita. Ya tatu, barabara ikaishia mbele ya boneti, ikabaki anga na tambarare huko chini kabisa, na yote niliyoyajua kwa kutazama kutoka juu yakanitoka. Nilikanyaga breki. Nikashindwa hata kuingiza gia. Nilingoja mzee alipize kisasi kwa vile nilivyomshtaki kwa mwenyekiti. Hakulipiza. Alimwambia tu mwenzangu ahamie upande wa usukani.

Mimi nikashuka, nikaweka jiwe mbele ya gurudumu wakati mwenzangu anakaa kwenye usukani. Alipowasha nikaliondoa, nikadandia nyuma juu ya magunia tuliyopakia, naye akaikata ile kona taratibu.

Miaka kadhaa baadaye soko liliachiwa huru, wafanyabiashara wakaja na malori yao kutafuta madereva wa mlimani. Walimtafuta mwenzangu. Mimi waliniuliza kama mgongo bado unaweza gunia.