Sanamu Yenye Gia Nne

Kwa miaka ishirini na sita jirani yangu wa kazini alitengeneza meno ya bandia katika chumba kisicho na dirisha, nyuma ya kliniki ya meno. Kila mtu alimwita Fundi Meno, hata barua za ofisi zilimwandika hivyo. Mimi nilikuwa chumba cha eksirei, na kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao tu. Kwa hiyo haya nitakayoyasimulia mengi niliyaona kwa macho yangu, na yaliyobaki niliyasikia bila kutaka.

Alikuwa mtu wa maneno machache, mwembamba, mwenye vumbi la plasta kwenye nyusi. Gari hakuwa nalo. Leseni hakuwa nayo. Alikuja kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu, na mkewe, mwalimu wa hesabu wa sekondari, alipenda kusema kwamba huyo ndiye mwanamume pekee duniani ambaye hajawahi kumpa mshangao.

Siku moja akaja bibi mmoja kibogoyo, kashika picha ya zamani mkononi.

"Nataka meno haya," akasema, akigusa picha. "Haya haya. Sitaki mengine."

Pichani alikuwa msichana, ameketi ndani ya gari dogo la viti viwili lisilo na paa, anacheka mpaka magego yanaonekana. Fundi Meno akachukua lenzi yake, akayachunguza meno. Kisha lenzi ikahama kutoka kwenye meno, ikashuka kwenye gari.

"Bibi, hili gari ni gari gani?"

"Mimi nimekuja kwa ajili ya meno."

"Meno nimeshayaona."

"Silijui, baba. Mwenyewe aliingia dukani kununua kiberiti, mpiga picha akaniambia panda haraka. Tulifukuzwa."

Bibi akapata meno yake, akayajaribu kwa kutafuna karanga mbele yetu, akaondoka ameridhika. Lakini Fundi Meno hakuwa mzima tena. Aliniomba nikuze ile picha, akaibandika juu ya meza yake ya kazi. Gari lile lilikuwa na pua ndefu, na mbele lilikuwa na mdomo wa vyuma vyeupe vilivyosimama wima, kumi na vinne. Aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama, kwamba katika maisha yake yote hajaona mpangilio wa meno kama ule.

Mwaka mzima alilitafuta kwenye simu. Kampuni iliyolitengeneza ilikuwa imekufa zamani, na magari yenyewe yalikuwa ya kuhesabika. Mwishowe akampata mkulima mmoja nchi ya mbali, nje ya bara kabisa, aliyekuwa nalo kwenye banda la kuku. Mkulima aliandika kwamba gari lipo kamili, ila injini iko kwenye ndoo.

Mkewe akausoma ujumbe ule mara mbili. "Baba Pacha," akasema, kama alivyomwita tangu wazaliwe mapacha wao, "unanunua gari au unanunua mboga?"

"Ni ndoo nne, Mwalimu. Kila kitu kimo."

"Nani kahesabu?"

Akatuma pesa hivyo hivyo. Miezi mitano baadaye kontena likafika bandarini, na mimi nikamsindikiza, maana alikuwa anatetemeka mikono na mtengeneza meno mwenye mikono inayotetemeka si wa kuachwa peke yake.

Afisa wa forodha alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Akafungua kitabu kinene.

"Magari yaliyozidi miaka kumi hayaingii. Hili lina mingapi?"

"Hamsini na minane, mama."

"Limenizidi umri. Linatembea?"

"Halitembei."

"Injini iko wapi?"

"Ndoo hizo."

Mama akachungulia kwenye ndoo, akakuta na unyoya wa kuku. "Sasa lina kazi gani?"

Fundi Meno hakuwa mtu wa kudanganya, na hata angetaka asingeweza. "Kwa kweli, mama, halina kazi."

"Lakini unalipenda."

"Mno."

Yule mama akavua miwani, akalizunguka gari polepole, akapangusa vumbi kwenye mdomo wake kwa ncha ya mtandio. Akarudi kwenye kitabu, akapitisha kidole: wanyama hai, samani, vyombo vya muziki, kazi za sanaa. Kidole kikasimama.

"Kitu kisicho na kazi, na mtu anakipenda," akasema. "Hiyo ni sanaa." Akagonga muhuri. Karatasi ikaandikwa: Sanamu ya bati, moja. Vipande vya sanamu, ndoo nne.

Tulitoka pale vichwa chini, tukihofia kwamba tukicheka atabadili mawazo.

Sanamu ikawekwa uani kwao, chini ya kibanda cha mabati. Aliyeitwa kwanza ni shemeji, mdogo wake Mwalimu, fundi wa kunyoosha bodi za magari. Akalizunguka, akabonyeza bati kwa kidole gumba, bati likabonyea na kubaki hivyo hivyo.

"Shemeji," akasema, "huyu kafa. Tumzike."

"Nyoosha tu, shemeji."

"Nikigonga linatoboka. Nisipogonga linanicheka. Ninyooshe kwa nini, kwa maombi?"

Lakini alikuja kila Jumapili kwa miaka miwili na nusu, akilalamika tangu getini. Fundi Meno naye alifanya alichokijua. Mdomoni mwa gari mlikuwa na mapengo matatu. Akachukua unga ule ule tunaokoroga kuchukulia alama za vinywa vya wagonjwa, akaupaka kwenye vyuma vilivyobaki, akasubiri ugande, akasema "taratibu, taratibu, tayari," akauvuta. Kisha akavimimina vyuma vitatu vipya kwa madini ya kushikilia meno ya bandia. Vikakaa sawasawa. Usukani uliokuwa umepasuka akauziba kwa ile plastiki ya waridi tunayotengenezea fizi. Ukiushika unahisi umetia mkono kinywani mwa jitu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipiga eksirei mkono mmoja wa usukani na vidude viwili vya kabureta, wagonjwa wakisubiri kwenye benchi. Kimoja kilikuwa na ufa.

Injini ndiyo iliyomshinda. Siku ya tatu ya kuhangaika nayo Mwalimu alimkuta ameketi katikati ya ndoo, ameshika tama. Akamwambia apishe. Akamwaga kila kitu juu ya shuka, akapanga kwa ukubwa, akaandika namba kwenye karatasi, akapata vipande mia nne na kumi na viwili. Mkulima akawatumia picha za kitabu cha injini, ukurasa mmoja mmoja, na Mwalimu akaisuka kama anayesahihisha mtihani. Ilipokamilika vilibaki vipande viwili.

"Haidhuru," akasema shemeji. "Kila injini ninayofungua mimi hubaki kitu."

"Ndiyo maana silipandi gari lako," akajibu Mwalimu, akaifumua yote. Mara ya pili vikabaki vitatu. Hakula chakula cha jioni siku ile. Mara ya tano havikubaki, ila mmoja wa wale kuku wa mkulima alikuwa amechangia kokoto moja kwenye ndoo, na hiyo ikaondolewa kwenye hesabu.

Jumamosi moja asubuhi ikawaka. Mbwa wa mtaa mzima walibweka, Fundi Meno akalia waziwazi, shemeji akageuka akajifanya anatafuta spana. Mwalimu, aliyekuwa na leseni, akakaa kwenye usukani. Mume akakaa pembeni yake. Wakatoka.

Hawakuvuka makutano ya pili. Askari wa trafiki aliinua mkono.

"Namba za gari ziko wapi?"

"Si gari, afande," akasema Fundi Meno, akampa ile karatasi. "Ni sanamu."

Askari akasoma. Akaigeuza, akasoma nyuma ambako hakukuwa na kitu. "Sanamu inaunguruma?"

"Mwalimu, zima."

Ikazimwa. Askari akafikiri sana, jasho likimtoka. Alikuwa mtu wa kufuata sheria, na sheria alizokuwa nazo zilihusu magari, baiskeli, mikokoteni na mifugo. "Sanamu bila namba si kosa," akasema mwisho. "Lakini sanamu barabarani ni kizuizi. Iondoeni."

"Tunaondoka nayo, afande."

"Hapana. Sanamu haiendeshwi. Sanamu inabebwa."

Bati lile lilikuwa jepesi. Wapagazi kumi wa sokoni wakaitwa, wakainua. Mwalimu alikataa kushuka. Alirudi nyumbani akiwa juu ya mabega ya watu, mikono kwenye usukani, akikata kona pale wapagazi walipokata kona, mumewe akitembea pembeni na kusema "taratibu, taratibu."

Jumatatu wakaenda ofisi ya usajili wa magari. Wakaambiwa gari lisajiliwe, sawa, ila kwanza idara ya sanaa ilete barua kuthibitisha kwamba hii si sanaa tena. Siku nne baadaye afisa wa sanaa akaja mwenyewe uani, mtu mzima mwenye skafu ya sufu katika joto lile. Akalizunguka gari mara tatu. Akaushika usukani, akaachia, akaushika tena.

"Ufizi huu," akanong'ona. "Msanii alikusudia nini?"

"Plastiki ilibaki," akasema Fundi Meno.

Afisa akaandika kwenye daftari kwamba msanii anakataa kueleza kazi yake.

"Sasa tunaomba barua, mheshimiwa," akasema Mwalimu.

"Barua ya kusema hii si sanaa? Mimi? Mkono huu ukatike!"

Shemeji akakohoa. Kisha Mwalimu akauliza, kwa sauti ile anayowaulizia wanafunzi swali ambalo jibu lake analo: "Je, sanaa ikitembea inaitwaje?"

Afisa akanyanyua kichwa. "Ikitembea... mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Hiyo ni sanaa ya maonyesho." Macho yakamng'aa. "Hiyo inahitaji kibali tu!"

Kibali kikatoka. Masharti yalikuwa matatu: kila safari iwe na jina, itangazwe siku tatu kabla, na iwe na watazamaji wasiopungua kumi. Safari ya kwanza Mwalimu aliiita Kwenda Kununua Maziwa. Tangazo likabandikwa kwenye nguzo ya umeme na kwenye mlango wa kliniki.

Siku ilipofika tulikuwa tisa. Mimi, shemeji na mkewe, wauguzi watatu, wapagazi wawili, na afisa wa sanaa mwenye skafu. Kumi haikutimia. Tulingoja. Injini ilikuwa inanguruma, Fundi Meno amekaa kitini roho juu, amevaa koti la harusi yake. Askari wa trafiki akaja, akasoma kibali kuanzia juu mpaka chini, akatuhesabu kwa kidole.

"Mko tisa."

"Afande, wa kumi yuko njiani," akasema shemeji, na ulikuwa uongo mtupu.

Askari akatazama huku na huko. Akavua kofia, akaiweka kwapani, akaja kusimama mwisho wa mstari, karibu yangu. "Kumi," akasema. "Endeleeni."

Wakaondoka. Sisi tukapiga makofi, maana hatukujua kingine cha kufanya. Walipita sokoni, wakazunguka uwanja wa mpira, upepo ukampulizia Fundi Meno plasta ya miaka ishirini na sita kutoka kwenye nyusi; hivyo ndivyo alivyoniambia mwenyewe, na kwamba njia nzima hakuweza kufunga mdomo. Baada ya nusu saa wakarudi. Fundi Meno alishuka, akaegemea bati, akawa anatabasamu kwa kila mtu.

Afisa wa sanaa akamsogelea na daftari lake. "Maziwa yako wapi?"

Mume na mke wakatazamana.

"Tumesahau," akasema Mwalimu, na hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza akicheka kwa sauti.

"Basi onyesho halikukamilika," akasema afisa kwa huzuni ya kweli. "Itabidi lirudiwe."

Likarudiwa Jumamosi iliyofuata. Safari hiyo tulikuwa sitini, na askari alikuja mapema, na mkewe, na viti viwili.