Sili Aliyoiacha Karwirwa

Aliyepita nyuma ya uwanja wa Kinoru, mjini Meru, miaka ile ya themanini aliona miguu miwili imetokeza chini ya gari, na miguu yenyewe ni ya mwanamke. Wageni walisimama kushangaa. Wenyeji walikuwa wameshazoea. Karwirwa alikuwa amepelekwa na babake chuo cha ufundi akasomee ushonaji, akashona siku tatu, na siku ya nne akavuka ua kuingia karakana ya magari. Mwalimu wa karakana alisema binti huyu atachoka mara tu oili ikimwingia kwenye kucha. Mwalimu alistaafu akingali anangoja.

Alichowashinda wenzake ni subira. Hakuagiza kifaa kabla ya kujua ugonjwa wa gari, na kila alichokitoa alikifunga kwa gazeti akampa mwenye gari. Watu wa Meru hawanunui maneno matupu. Wanataka kushika kwa mkono wao kile kilichoharibika.

Ndivyo ilivyokuwa mwezi wa Machi, mwaka wa 1986, alipobadilisha pleti ya klachi katika pikapu ya chama cha wafugaji. Ile kuukuu, iliyolika kwa uzee mpaka kwenye ribiti, zile pini zinazoishikilia, aliifunga akamkabidhi dereva, Kathuri, aliyekuwa amebeba maziwa ya miteremko ya juu ya Kaaga kwa miaka kumi na mmoja.

Mwezi wa Agosti ugonjwa ulirudi. Kwenye tambarare pikapu ilikwenda vizuri tu. Lakini ikipanda mlima na mitungi imejaa, Kathuri akikanyaga mafuta hadi mwisho, injini ilinguruma na gari likabaki kutambaa. Mara mbili maziwa yalichelewa yakachacha. Mwenyekiti, Mzee Bundi, ambaye aliwahi kuendesha trekta kwa miezi minane na tangu hapo hakuwa mtu wa kuambiwa kitu kuhusu magari, aliitoa kabatini ile pleti ya Machi, iliyohifadhiwa ofisini tangu Kathuri ailete, akaiweka mezani mbele ya kamati.

"Huyu dereva analaza mguu kwenye klachi," alisema. "Ameua moja, sasa anaua ya pili."

Karani akaandika hivyo hivyo. Kathuri arudishe ufunguo Jumamosi.

Alhamisi Karwirwa aliipokea pikapu kutoka kwa Kathuri. Alivuta handibreki, akaingiza gia ya tatu, akakanyaga mafuta kidogo, kisha akaachilia klachi. Injini ya gari lenye klachi nzima ingezimika papo hapo. Hii iliendelea kunguruma, na gari halikutikisika.

"Pleti inateleza," alimwambia Kathuri. "Imebanwa kati ya vyuma viwili, ndiyo inapeleka nguvu ya injini kwa magurudumu. Ukienda polepole inashika. Ukikanyaga mafuta na mzigo, nguvu inaishinda, injini inazunguka peke yake."

"Na ni mguu wangu?"

"Ngoja nifungue."

Kathuri alienda nyumbani kwa miguu. Karwirwa alishusha giaboksi, akaitoa pleti, akaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa nene, karibu mpya. Ilikuwa pia imelowa oili. Alipapasa nyuma ya lile gurudumu zito la injini, pale sili inapozuia oili isitoke, na vidole vikarudi vyeusi.

Hapo akakumbuka. Mwezi wa Machi aliiona sili hii ikitoa jasho. Tone moja tu. Madukani haikuwapo siku hiyo, maziwa yalikuwa yanangoja, naye akaipangusa kwa kitambaa, akafunga, akajiambia itavumilia. Hakumwambia mtu.

Aliketi juu ya gurudumu kuukuu akaona aibu ya kweli. Hakuna mwingine aliyejua. Angeweka sili na pleti mpya, gari lipande mlima kama swara, na Kathuri aende zake na jina baya. Mafundi tunaowajua wangefanya hivyo na kulala fofofo. Ijumaa asubuhi alifunga safari hadi Embu, akarudi jioni na sili mpya na pleti mpya.

Jumamosi aliingia kwenye mkutano na ovaroli yake, pleti mkononi. Wanachama walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Ufunguo wa pikapu ulikuwa tayari juu ya meza, na Kathuri ameketi kando, kofia magotini.

"Mzee, mguu wa dereva ukilazwa kwenye klachi huila pleti ikaisha," Karwirwa alisema, akiiweka sako kwa bako na ile ya Machi iliyokuwa mezani. "Ile ya Machi ililiwa na uzee. Hii ya Agosti haijaliwa. Shikeni. Imelowa oili ya injini. Sili inavuja, na mimi niliiona mwezi wa Machi nikaiacha. Kosa ni langu."

Bundi alijifuta vidole kwa leso, polepole. Hakuwa mtu mbaya. "Mama Mutegi," alimwita kwa jina la mwanawe, "watu wote hawa wana jamaa wenye magari. Umeifikiria kazi yako?"

"Nimelala nikiifikiria siku mbili. Lile la Kathuri liliandikwa?"

"Liliandikwa."

"Basi hata hili liandikwe."

Karani alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alitazama pleti, kisha akatikisa kichwa kukubali. Kalamu ilikwaruza muda mrefu. Karwirwa aliomba asomewe, akasikiliza mpaka mwisho, akaweka sahihi yake chini, na doa la oili likabaki kwenye ukurasa.

Kathuri aliinuka. Wiki ile yote watoto wake walikuwa wameitwa watoto wa mchoma klachi, na uso wake ulionyesha kwamba alilijua hilo vizuri na hakuwa amelisahau. Alichukua ufunguo mezani, akavaa kofia, akasimama mbele ya fundi.

"Giaboksi bado iko chini?"

"Iko chini."

"Ni nzito kwa mtu mmoja," alisema. "Twende nikushikie ukifunga."