Uso wa Baba Ndani ya Duara

Kazi inayonilisha huku nikiandika riwaya yangu ni kukisia wepesi wa vidole vya watu. Katika ofisi moja mjini Kisumu huletewa michoro ya kurasa za simu kabla hazijaundwa, nami hukivunja kila kitendo vipande vipande: jicho kutafuta kitufe, kidole kukifikia, akili kuwaza, kidole kugusa. Kila kipande kina sekunde zake. Najumlisha, kisha nasema mtu atamaliza kwa muda fulani. Niliiamini hesabu hiyo kama ninavyoamini kwamba jua litachomoza mashariki, upande wa Ahero.

Kisha macho ya baba yangu yakaingia ukungu. Mtoto wa jicho, yote mawili. Madaktari wa upasuaji walikuwa wanakuja kwa siku chache tu, na nafasi zao zilikuwa za kuombwa kwa simu, kuanzia asubuhi moja mpaka ziishe. Ukurasa wa mwisho wa maombi ulitaka uso wa mgonjwa mwenyewe ndani ya duara: atazame mbele, apepese macho, ageuke kidogo kushoto, kisha kulia. Akichelewa au akikosea, anaanza upya.

Nyumba yetu iko mtaa wa Kaloleni, humohumo mjini. Mlango hufunguliwa kukipambazuka na haufungwi mpaka tukishakula usiku. Anayepita husalimu kwa Kijaluo, naye baba, kwenye kiti chake karibu na kizingiti, hujibu. Hajibu kwa neno moja. Huulizia watoto, kuku, mguu ulioteguka juzi. Tangu macho yafifie, mtaa wote umebaki kwake kuwa sauti.

Asubuhi hiyo niliandika jina lake na nambari ya kitambulisho, vidole vikikimbia, kisha nikamwekea simu mbele ya uso.

"Baba, tazama hapa. Usisogee."

"Hapa wapi? Mimi naona moshi tu."

"Mbele tu. Pepesa macho."

Akapepesa. Duara likaanza kugeuka kijani.

"Oyawore, Mzee!" Mama anayeuza omena, dagaa wa ziwani, alikuwa anapita na beseni lake.

Baba akamgeukia kwa uso wote. "Oyawore ahinya, Mama! Yule mtoto alipona homa?"

Duara likawa jekundu. Tukarudishwa mwanzo.

"Baba, tafadhali, usimjibu mtu kwanza."

"Nisimjibu? Watasema nimekasirika. Ama nimekufa."

Mara ya pili akapita fundi wa baiskeli. Nilimwona baba akibana midomo, akijitahidi kweli, lakini shingo ilikuwa imeshakwenda. Nikafunga mlango. Chumba kikawa giza na simu ikasema haioni uso. Nikawasha taa, nikaanza tena. Tulikuwa tumefika kugeuka kulia mlango ulipogongwa kwa nguvu.

"Kuna nini humo? Mbona mmejifungia asubuhi? Mzee yuko?"

Nikafungua. Mama wa omena alikuwa amerudi na majirani wawili, mikono tayari kichwani. Kwetu mlango uliofungwa mchana una maana moja tu: msiba.

"Niko, niko!" baba akacheka, akiwageukia. "Huyu mtoto ananipiga picha kama bibi harusi."

"Si ungempaka mafuta kwanza!" Mama wa omena akanigeukia. "Mzee amepauka hivi, nani atamchukua?"

Wakacheka wote. Mimi nilikuwa namfikiria yule aliyeukadiria muda wa ukurasa ule. Sijawahi kumwona, lakini namjua: anakaa kwenye meza kama yangu, mahali patulivu, na kipande cha kuwaza amekipa sekunde zake. Kipande cha kusalimiwa angekiandika wapi? Hata mimi nisingejua.

Nikawaeleza tunachotafuta. Wakanyamaza palepale. Nikaandika jina, nikaandika nambari. Baba alikuwa ameshajiweka sawa bila kuambiwa, kidevu juu, mikono magotini.

Duara halikutokea. Yalitokea maneno mawili: Nafasi zimejaa.

Nje mtu akapaza sauti, "Oyawore!" Mama wa omena akampungia mkono anyamaze. Baba hakutikisika. Alitazama mbele, ndani ya moshi wake, akapepesa macho kwa utii, akageuka kidogo kushoto, kisha kulia, polepole, bila kosa hata moja.

"Imekubali?" akauliza, midomo ikisogea kwa shida asije akaharibu.

Simu ilikuwa bado mkononi mwangu, mbele ya uso wake.

"Bado kidogo, Baba," nikasema.