Baa Saba za Akeyo

Kwanza tuelewane jambo moja: Maxine Akeyo hajawahi kuonja hata kijiko cha pombe. Nalisema mapema kwa sababu kuna watu Kapsoit, karibu na Kericho, tena watu wa kanisa, ambao kwa siku nne nzima waliamini kwamba ni mlevi wa kupindukia, na baadhi yao hawajaomba radhi mpaka leo.

Akeyo alizaliwa kwenye nyumba za laini, zile za wafanyakazi wa shamba la majani chai, miaka ishirini na saba iliyopita. Mama yake, Eucabeth, alikuwa ametoka upande wa ziwa akiwa msichana, akavishwa kapu mgongoni, akachuma chai mpaka vidole vikashika rangi isiyotoka kwa sabuni. Akeyo naye alipomaliza shule akavishwa kapu. Halafu mashine za kuchuma zikaja, makapu yakatundikwa. Mama akahamia Kapsoit kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni, na binti akapata kazi ya kukata nyasi kwenye kiwanja cha gofu, mashimo tisa yaliyozungukwa na chai pande zote.

Huko ndiko alikokutana na Mzee Hezekiah. Mkipsigis huyu wa pale pale alikuwa amebeba mifuko ya wachezaji kwa miaka arobaini, na alikuwa na maoni juu ya kila kitu, hasa juu ya namna watu wanavyoshika fimbo. "Wanaikaba kama wanachinja kuku," alipenda kusema. Siku moja alimpa Akeyo fimbo kuukuu airudishe stoo. Akeyo aliishika jinsi alivyozoea kushika majani mawili na chipukizi, kwa ncha za vidole, bila kuminya. Njiani akaona mpira uliosahaulika kwenye nyasi, akaupiga, basi tu, kwa utundu. Mpira ulivuka safu ishirini za chai na kuangukia mahali ambapo wanaume wengi hawafiki hata kwa maneno. Hezekiah alivua kofia.

Tangu siku hiyo ikawa asubuhi nyasi, jioni fimbo. Miaka mitano hivyo. Mzee alifundisha, Akeyo alipiga, na nyumbani Kapsoit mama aliendelea kujua kwamba binti yake anakata nyasi.

Mwaka huu ndipo Chama cha Wanawake wa Gofu ya Kulipwa kilipotoa tangazo. Chama hicho kina mashindano yake ya wanawake, kina mafunzo ya walimu, na kina kliniki, ndivyo wanavyoziita, ambako wasichana wa shule hukusanywa mwisho wa wiki na kufundishwa gofu bila masharti. Sasa kilikuwa kinatafuta wanawake wa kusomeshwa ualimu. Mtihani wa kuingia ulikuwa mmoja: zunguka mashimo tisa mara mbili kwa mapigo themanini na manne au pungufu. Ukizidisha pigo moja tu, nenda nyumbani ukae miaka miwili ndipo ujaribu tena. Ukifaulu, unaingia chamani, unasomeshwa, na kliniki ya Kericho inakuwa mikononi mwako. Akeyo aliitaka nafasi ile vibaya sana. Alikuwa akiiota macho wazi, nyuma ya mashine ya nyasi, mpaka siku moja akakata maua ya meneja.

Utauliza, mbona hakumwambia mama? Ana sababu. Miaka mitatu iliyopita aliitwa kwenye usaili wa kazi ya ofisi, mama akatangaza kanisani, kanisa likafunga na kuomba, akina mama wakapika pilau ya pongezi mapema, na kazi akapewa mtu mwingine. Ile pilau ililiwa kimya kimya. Mpaka leo Akeyo akisikia harufu ya binzari hutamani kujificha chini ya kitanda. Kwa hiyo safari hii aliapa: kwanza afaulu, ndipo aseme.

Lakini Jumapili kabla ya mtihani alisahau glavu yake kwa Hezekiah, na Hezekiah, mwenye roho nzuri kuliko akiba ya maneno, akaamua kuileta mwenyewe mpaka Kapsoit. Akeyo hakuwapo. Mama alikuwapo.

Hapa lazima nieleze neno. Kila shimo la gofu lina hesabu yake, idadi ya mapigo ambayo mchezaji hodari anatarajiwa kutumia mpaka mpira uingie. Hesabu hiyo wanaiita paa. Ni neno dogo, halina madhara. Ila ulimi wa Mzee Hezekiah haujawahi kuona sababu ya kutenganisha p na b, na Eucabeth, ambaye mwenyewe huliita shamba "samba", si mtu wa kumsahihisha mwenzake. Mazungumzo yao Akeyo alikuja kusimuliwa na wote wawili, na kila mmoja bado anamlaumu mwenzake.

"Mama, hongera," Hezekiah alianza, akiwa bado mlangoni. "Huyu mtoto wako ni moto. Jana peke yake amepata baa saba."

Eucabeth aliweka ungo wa omena chini. "Baa ngapi?"

"Saba! Moja baada ya ingine! Mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba mfuko."

"Na wewe mzee mzima, ukamwacha tu?"

"Nimwache? Mama, mimi ndiye nilimfundisha!"

"Yawa." Eucabeth alitafuta kiti. "Na alikuwa anaweza kutembea?"

"Kutembea? Alikuwa anaimba! Sasa Alhamisi wakubwa wanatoka Nairobi kuja kumwangalia. Akienda na baa namna hiyo, mwezi ujao anaanza kliniki."

"Kliniki!"

"Ndiyo, kliniki. Lakini usiseme nimekwambia, alitaka iwe sapraizi."

Hezekiah aliacha glavu, akanywa chai, akaenda zake akiwa amefurahi sana. Eucabeth alilia kwa saa nzima. Binti mlevi, tena mjamzito, na mzee mwenye mvi ndiye mwalimu wake. Saa ya pili alimpigia simu mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, wakapanga maombi ya Alhamisi, huko huko kiwanjani anakofanya kazi, mbele ya hao wakubwa wa Nairobi. Saa ya tatu, na hili hakumwambia mwenyekiti, alifungua sanduku akatoa uzi wa njano na sindano za kufuma. Ukweli ni kwamba alikuwa amengoja mjukuu kwa miaka mingi. Moyo ulikuwa umevunjika, lakini vidole vilikuwa na furaha yao pembeni.

Kuanzia Jumatatu nyumba ilibadilika. Akeyo alipewa uji wa wimbi asubuhi na supu ya mifupa jioni. Aliponyanyua ndoo ya maji, mama aliipokonya. Alipoingia kutoka kazini, mama alimsogelea karibu sana.

"Mama, unaninusa?"

"Nanusa mvua," mama alijibu, akageuka kufuta macho.

Akeyo alidhani ni uzee. Alikuwa na mtihani kichwani, hakuwa na nafasi ya kuchunguza supu.

Alhamisi ikafika, jua safi, chai imeng'aa. Aliyetumwa na chama alikuwa Bi Mokeira, mwanamke mrefu mwenye kalamu sikioni na uso usiotoa siri. Alimwambia Akeyo kanuni kwa sentensi tatu, akamtakia heri, wakaanza. Hezekiah alibeba mfuko akiwa amevaa tai. Hakuna aliyejua tai hiyo aliitoa wapi.

Mzunguko wa kwanza ulikwisha kwa mapigo arobaini na moja. Mzunguko wa pili uliingia mdudu: kwenye shimo la kumi na nne mpira ulitumbukia ndani ya chai, kati ya safu na safu, mahali ambapo mchezaji mwingine angetangaza umepotea. Akeyo aliingia mle, chai ikimfika kiunoni, akapita moja kwa moja mpaka ulipo, kwa sababu yeye na ile chai wanajuana tangu utotoni. Aliupiga nje kwa pigo moja. Bi Mokeira aliandika kitu bila kutabasamu, lakini kalamu ilichelewa kurudi sikioni.

Mashimo kumi na saba yakaisha kwa mapigo themanini kamili. Limebaki moja, na shimo hilo hesabu yake ni nne. Themanini na nne. Akeyo alihitaji paa, moja tu, asizidishe hata pigo. 

Wakati huo huo, pikapu ya kanisa ilisimama langoni. Ndani mlikuwa na akina mama kumi na moja, sare nyeupe, vitambaa vya bluu, nyuso za vita. Mlinzi, kijana wa Kisii anayeitwa Nyang'au, alikuwa ameambiwa awapokee vizuri wageni wa chama.

"Nyinyi ndio chama cha wanawake?" aliuliza.

"Ndiyo," mwenyekiti alijibu kwa sauti, "sisi ni chama cha wanawake!"

Nyang'au alipiga saluti, akawapa kila mmoja chupa ya maji na kofia ya jua, akawaonyesha njia. Eucabeth alishangaa kuona baa yenye nyasi nyingi hivyo.

Walitokea kwenye shimo la mwisho Akeyo akiwa tayari ametumia mapigo mawili. Mpira wake ulikuwa umelala kando, karibu na ua wa chai, na shimo liko mbali, hatua kama ishirini. Kuusogeza kwa pigo moja na kuuingiza kwa lingine, hiyo ndiyo hesabu, na mikono yake ilikuwa imeanza kuikaba fimbo kama kuku wa Krismasi. Ndipo Hezekiah alipowaona wageni, akashindwa kujizuia.

"Mama! Umefika saa nzuri! Imebaki baa moja! Apate baa moja tu, amalize!"

"Ingine tena?" Eucabeth alipiga ukelele. Akapiga magoti pale pale, kofia ya jua kichwani, mikono juu. "Baba! Hii baa moja imebaki, iondoe! Asiipate! Nasema asiipate kabisa! Ni sida gani hii umeniletea!"

"Amina!" wakaitikia akina mama kumi.

Bi Mokeira alishusha karatasi. "Hao ni kina nani?"

"Yule ni mamake," Hezekiah alinong'ona, jasho likimtoka. "Anaomba."

"Anaomba mtoto akose?"

Akeyo alisimama kama amemwagiwa maji baridi. Asiipate? Mama yake mzazi? Halafu akasikia tena, "Baba, mtoe kwenye baa!" na kitu kikafunguka kichwani. Baa. Paa. Ulimi wa Mzee. Kule kunusanusa. Zile supu, ile ndoo, Mungu wangu, ile kliniki! Kicheko kilianza tumboni, kikapanda mbavuni, akakaza meno lakini wapi. Mabega yalitikisika. Na mtu anayecheka hawezi kukaba kitu chochote. Vidole vililegea vyenyewe, vikarudi kwenye majani mawili na chipukizi, na kabla hajajishauri akaupiga mpira huku machozi ya kicheko yakimtiririka.

Mpira uliruka kidogo, ukatua, ukaviringika. Ukaviringika tena, bila haraka, ukipita mbele ya akina mama waliofumba macho, ukazunguka mdomo wa shimo mara moja na kutumbukia.

Bi Mokeira akasema, kwa sauti ya mtu anayejitahidi sana kubaki wa kiofisi, "Tatu. Jumla themanini na tatu. Hukupata paa."

"Hakupata?" Eucabeth alifumbua macho.

"Hakupata, mama. Amepita chini yake. Amefaulu."

"Hakupata baa! Asante Yesu!" Na vigelegele vikapaa. Hezekiah alikuwa akiruka na tai yake, akina mama wakaimba, Akeyo akamkumbatia mtu wa kwanza aliyemkuta, ambaye alikuwa Bi Mokeira. Wote walifurahia jambo moja kwa sababu mbili tofauti kabisa, na ilichukua nusu saa na maelezo ya watu wanne mpaka sababu zikakutana.

Maelezo yalipokwisha, akina mama waliketi kwenye nyasi wakacheka mpaka mwenyekiti akavua viatu. Eucabeth alicheka nao. Lakini Akeyo, aliyekuwa akimtazama, aliona kicheko cha mama kikipungua kabla ya vya wengine.

"Na ile kliniki?" mama aliuliza polepole.

"Ni ya kufundisha wasichana gofu, mama. Mimi ndiye nitawafundisha. Hapa hapa."

"Kwa hivyo hakuna..."

"Hakuna, mama. Bado."

Eucabeth aliutazama ua wa chai, ule ule aliouchuma kwa miaka ishirini bila kuvuka kuja upande huu wa nyasi. Kisha alifungua mkoba wake, akatoa kofia ndogo ya njano, imefumwa vizuri, ina kishada juu. Akaigeuza geuza mkononi. "Sasa hii nitapeleka wapi," alisema, na hakuwa akimuuliza mtu.

Siku nne mama aliamini binti yake ameharibika, na siku hizo hizo nne alikuwa akimfumia mjukuu kofia. Akeyo alienda kwenye mfuko, akachomoa fimbo kubwa kuliko zote, ile yenye kichwa cha mviringo ambacho wachezaji hukivalisha kitambaa kisikwaruzike. Yeye hakuwahi kuwa na kitambaa. Aliichukua kofia ya njano akakivalisha, akavuta kidogo pembeni, ikakaa sawasawa.

Mama alisogea, akaitazama, akarekebisha kishada.

"Imemtosha," alisema. "Ana kichwa kikubwa, kama cha babake."

Na waliporudi, Eucabeth alikataa fimbo ile itupwe nyuma ya pikapu pamoja na mizigo. Aliipakata mpaka Kapsoit, mkono mmoja chini ya kichwa.