Besi Hawaandikiwi

Katika kwaya yetu ya Kyimo, besi hawaandikiwi. Mtunzi huandika sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa herufi zile za do re mi ambazo kila mwanakwaya anazijua, kisha huacha mstari wa nne mtupu. Wanaume wa besi hufika wamechelewa, wametoka kukamua na kupeleka maziwa, makoti yamelowa, na hukaa benchi la nyuma. Huwasikiliza wenzao wakiimba mara moja, mara mbili. Halafu mmoja hukohoa kidogo na kuingia kwa chini. Mwingine humfuata kwa njia yake. Wakigongana, wanawake wa sauti ya pili, alipo mama yangu, huanza kucheka, na mtu husema, "Mwacheni, anatafuta ng'ombe wake." Mazoezi yakiisha, ng'ombe amepatikana, na hakuna anayeweza kusema ni nani aliyempata.

Nilikuwa nauchukia utaratibu huo. Muziki nilijifundisha mwenyewe, kwa simu na kwa kinanda kibovu kilichokuwa nyuma ya duka la fundi cherehani pale Msasani, mjini Tukuyu, si mbali na kwetu. Fundi, mzee Mwislamu ambaye ukoo wake ulitoka Tanga, aliniruhusu kukipiga baada ya sala ya alasiri, kwa sharti kwamba nisirudie kipande kimoja mpaka wateja wakimbie. Sharti hilo nililivunja kila siku. Mimi ni mtu wa kurudia. Nikitunga ubeti naufuta na kuuandika upya hadi karatasi inatoboka. Hata ujumbe wa simu nausoma tena nikishautuma, nikitafuta nilipokosea. Mtu wa namna hiyo hawezi kuacha mstari mtupu akalala usingizi.

Kwa hiyo, mara moja, niliwaandikia besi katika wimbo wangu mmoja. Waliimba nilichoandika kwa adabu, mwanzo hadi mwisho. Yule mkubwa wao, mzee ninayemwita baba kama tunavyowaita wazee wote wa rika lake, aliikunja karatasi na kuitia mfukoni. "Nzuri, binti," alisema. "Tutaiweka." Waliiweka kweli. Juma lililofuata waliingia kwa njia yao, na ile karatasi sikuiona tena. Tangu hapo nikawa naacha mstari wa nne kama watunzi wengine, lakini kwa kinyongo.

Wimbo huo, wenye besi zao, ndio niliourekodi kwa simu, mvua ikigonga bati, nikautuma kuomba nafasi katika nyumba moja ya wasanii huko Ujerumani. Ni nyumba ambamo msanii hupewa chumba, chakula na muda, akakaa miezi michache afanye kazi yake tu. Nilipoambiwa nimepata, mama aliniuliza kama huko kuna baridi. Nikamwambia ipo. Akacheka, akasema basi wamepata mtu wa Rungwe, aliyezaliwa kwenye baridi, wamtafutie jambo lingine la kumtisha.

Jambo hilo lilipatikana siku ya kwanza, mezani. Mwenyeji wetu, mama mmoja mwenye nywele nyeupe na sauti ya upole, aliwaambia wageni wote kwamba kilichowafanya wanichague ni zile sauti za chini za wanaume. Hawakuwahi kusikia besi zinazotembea namna ile. Akanigeukia, akaniuliza niliziandikaje.

Nikasema ni mazoezi mengi. Nikainamia supu.

Sikudanganya sana, nilijiambia. Lakini nilijua, peke yangu katika nyumba ile, kwamba kitu walichokipenda hakikuwa changu. Na mwisho wa ukaaji wangu waimbaji wanne kutoka mji wa jirani wangekuja kuimba wimbo mpya mbele ya wanakijiji, wimbo wangu, wenye besi.

Nilipewa chumba chenye piano na dirisha la kutazama msitu. Hakuna aliyeniita kuchota maji wala kumenya ndizi. Nyumbani nilikuwa nalalamika kwamba sipati utulivu. Pale niliupata wote kwa mara moja, nao ukanielemea. Sauti tatu za juu zilikuja upesi. Nilizinakili kwa nota za mistari mitano, ambazo nilijifunza kwa shida na bado naziandika polepole kama mtoto anayejifunza kuandika jina lake. Besi ikagoma. Niliandika, nikafuta. Nilijaribu kuwakumbuka wale wanaume wa benchi la nyuma, huyu huingia hivi, yule husubiri vile, na nilichoandika kilikuwa kama mtu anayeiga kicheko cha baba yake. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa baba.

Nilipompigia mama simu sikumwambia. Aliuliza kama nimekula, kama kuna ndizi. Nikasema zipo, za kuiva tu, zinauzwa moja moja. Hilo lilimsikitisha kuliko lolote lingine ambalo ningemwambia.

Siku ya mazoezi ya kwanza ilifika na mstari wa nne ulikuwa bado mtupu. Niligawa karatasi hivyo hivyo. Nilikusudia kumweleza mwimbaji wa besi, bwana mrefu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, kwamba asikilize halafu aingie anapoona panafaa. Lakini Kiingereza changu kiliniishia mdomoni, na wenzake walikuwa wameshaanza. Nikatumaini ataingia tu, kwa sababu kwetu mtu wa besi haambiwi.

Hakuingia. Alisimama wima, akafungua kurasa pamoja na wenzake, kidole chake kikifuata mistari mitupu kutoka mwanzo hadi mwisho, midomo ikihesabu kimya kimya. Nilikuwa sijawahi kuona mtu akitii ukimya kwa uaminifu kiasi kile. Wimbo ulipokwisha alifunga karatasi kwa heshima na kuniambia kwamba lilikuwa wazo zito sana, kumfanya besi asimame pale bila kuimba, msikilizaji amwone na amkose. Wenzake wakaafiki. Mwenyeji wetu, aliyekuwa ameketi pembeni, akaitikia kwa kichwa, macho yake yamelowa.

Nikaona mlango umefunguliwa. Ningeweza kupita. Wangeniita mtunzi mwenye fikra, wimbo ungeimbwa hivyo, nami ningerudi Tukuyu na sifa. Niliwashukuru, nikaenda kutembea msituni, na kwa saa nzima nilikuwa mtu mwenye fikra. Kisha nikawawazia wale wazee wakisikiliza wimbo huo kwenye simu yangu, wakimsubiri mwenzao aingie, wakisubiri mpaka mwisho, halafu wakinitazama.

Mazoezi ya pili niliomba kusema kabla hatujaanza. Niliwaambia kwamba besi walizozisikia kwenye rekodi sikuziandika mimi, na kwamba ule utupu haukuwa wazo, ulikuwa nafasi ya mtu kuimba. Yule bwana wa besi ndiye aliyeuliza.

"Basi niimbe nini?"

"Unachosikia."

Uso wake ulibadilika rangi. Aliniambia, kwa sauti ya chini, kwamba anaimba tangu utotoni na hajawahi kutoa nota moja ambayo hakuandikiwa. Angekosea. Nami nikamtambua mara moja. Nilikuwa nimeishi ndani ya uso ule tangu nianze kushika kalamu.

Nikamweleza habari za ng'ombe. Kwamba kwetu anayeingia wa kwanza ni lazima akosee, ndiyo kazi yake, na kwamba mama yangu angemcheka, na kicheko hicho ni cha kumkaribisha. Mwimbaji wa sauti ya pili akaahidi kumcheka badala ya mama yangu. Wakaanza. Akakohoa, akaingia, akagonga ukuta, akachekwa. Akaingia tena.

Alichokipata hakikuwa cha Kyimo. Kilikuwa kizito, kilikwenda kwa hatua ndefu zilizonyooka, na mahali pawili kilinikera kabisa. Siku ya onyesho alipotea katika ubeti wa pili, nikafumba macho kwa aibu, na nilipoyafumbua alikuwa anarudi taratibu, na watu walikuwa wameinama mbele kwenye viti vyao kama wanaomvuta. Kwenye karatasi ya onyesho nilikuwa nimeomba waandike jina lake chini ya langu. Mwenyeji wetu aliniaga kwa kunikumbatia, lakini hakuniuliza tena kuhusu besi, na sijui alifikiri nini. Bado jambo hilo hunirudia.

Nyumbani niliwasikilizisha rekodi ya onyesho kabla ya mazoezi, simu imewekwa juu ya benchi la nyuma, wazee wameizunguka. Wale wa besi walisikiliza vichwa vimeinama.

"Huyu anaimba amevaa viatu," alisema mmoja.

"Lakini ameingia," mkubwa wao alisema. "Alipopotea, mlimsikia? Hakutoka."

Halafu akanyoosha mkono kuomba karatasi yake ya wimbo huo mpya. Aliutazama ule mstari wa nne, akaugusa kwa kidole chake kipana. Ninao mwingine nyumbani, lazima niseme, mstari wa besi niliouandika na kuufuta na kuuandika tena, umefichwa chini ya godoro, sijapona. Lakini alioushika yeye ulikuwa mtupu, na safari hii niliuacha kwa kupenda.

"Na sisi umetuachia," alisema.

"Nimewaachia, baba."

"Ndaga," alisema, ambayo kwa Kinyakyusa ni asante, akavua koti lake lililolowa na kukohoa.